Paka Akifunga Choo: Maji Kwanza, Boga Baadaye

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, na huja kwa maneno yale yale: "Paka wangu leo siku ya tatu hajapata choo, nimpe nini?" Mwingine anakuja na picha ya vibonge vitatu vyeusi juu ya mchanga. Mwingine ameshampa maziwa, mafuta ya kupikia na nusu kidonge cha binadamu kabla hajauliza. Nimeona niandike yote mahali pamoja, ili anayeuliza apate jibu zima na paka wake asifanywe wa majaribio.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga paka miaka mingi hapa Tanga, na habari za choo chao nilifundishwa na paka jike mweusi tuliyemwita Chausiku. Asubuhi alikula punje kavu za dukani, jioni dagaa wakavu, na maji aliyagusa kwa ncha ya ulimi tu. Siku ya nne bila choo nilimkuta amejikunyata nyuma ya pipa la unga, hata samaki hataki kumnusa. Daktari alimtundikia dripu, akamlaza kwa dawa ya usingizi, ndipo akautoa ule mzigo kidogo kidogo kwa mkono. Baadaye akanieleza: utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, kwa hiyo kinyesi kikikaa humo kila saa kinazidi kukauka, na kikikauka kinazidi kukaa. Ukishalielewa hilo utaona kwa nini mwongozo huu unaanza na maji. Watu wengi huanza na nyuzinyuzi, kama zile za boga, na nyuzinyuzi kwa paka aliyekauka ni kuongeza mzigo kwenye gunia ambalo mdomo wake umeshonwa.

Kabla ya lolote: ni choo au ni mkojo?

Sehemu hii usiiruke. Paka anayechuchumaa, anajikamua, analia na hakitoki kitu, watu husema amefunga choo. Mara nyingi, hasa akiwa dume, kilichoziba ni njia ya mkojo. Kwa macho hali hizi mbili hufanana sana, ila paka dume aliyeziba mkojo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukakaa unamchemshia boga, umempoteza.

Fanya hivi. Ondoa mchanga wote kwenye beseni lake, lioshe, weka mchanga mpya kidogo au vipande vya gazeti, kisha mfungie kwenye chumba kimoja na beseni hilo. Mkojo utauona: gazeti litalowa, mchanga utashikana. Ukiona bonge la kawaida la mkojo asubuhi na jingine jioni, hapo tatizo huenda ni choo kweli. Lakini akiingia na kutoka mara kwa mara, anajilamba sana chini ya mkia, anatoa matone tu au hatoi kabisa, usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa daktari usiku huo huo. Wala usimbonyeze tumbo kujaribu kumsaidia, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.

Wakati ambao jiko halina msaada

Mwongozo huu ni wa paka ambaye bado anakula, anatembea, anakojoa vizuri, na choo chake kimekuwa kigumu au kimechelewa. Nenda kwa daktari moja kwa moja kama:

- zimepita saa 72, yaani siku tatu kamili, bila choo chochote;
- anatapika, au ameacha kula kwa siku nzima;
- tumbo limekuwa gumu na akiguswa analia;
- kuna damu nyingi, au unashuku amemeza uzi, sindano, mpira au mfupa;
- amegongwa na pikipiki au gari wakati wowote maishani mwake, hata kama alipona (nyonga iliyounga vibaya hubana njia ya choo);
- ni mtoto, ana mimba, au ana ugonjwa wa figo, kisukari au moyo unaojulikana.

Uzi ukiuona umening'inia nyuma, usiuvute. Huko ndani unaweza kuwa umejiviringisha kwenye utumbo, na ukiuvuta unakata.

Unavyohitaji

Hakuna kitu cha bei kubwa hapa. Vingi unavyo nyumbani.

- Daftari dogo na kalamu
- Mizani ya jikoni, au kikombe chenye alama za mililita
- Kijiko cha chai
- Nusu kilo ya mapaja ya kuku na robo kilo ya mioyo ya kuku
- Chakula cha paka cha kopo au cha pakiti chenye mchuzi, ukikipata
- Kipande cha boga lililoiva
- Mabakuli mawili au matatu mapana ya udongo, kauri au bati lisiloshika kutu
- Chanuo la manyoya
- Beseni la mchanga lenye ukingo mfupi

Isabgoli, yale maganda meupe mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili na ya Wahindi, ni ya hiari. Nitaieleza kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Andika

Siku mbili za mwanzo kazi yako ni kuangalia. Andika saa aliyokwenda choo, idadi ya vipande, na umbo lake. Choo cha paka mwenye afya ni cha kahawia, kimeshikana, kina unyevu kiasi cha mchanga kung'ang'ania juu yake, na mara nyingi huja mara moja kwa siku. Cha paka aliyeanza kufunga ni vibonge vidogo vikavu kama vya mbuzi, ukivigusa kwa kijiti vinabingirika, mchanga haushiki. Hicho ndicho kipimo chako kwa wiki mbili zijazo: mchanga unashika au haushiki?

Andika pia anachokula, hata vile vidogo ambavyo watoto humtupia chini ya meza. Mara nyingi jibu linapatikana hapo. Nimeshaona daftari la mtu ambaye aliapa paka wake hali mifupa, kumbe jioni anakula vichwa vya vibua vya mpishi wa jirani.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyomkausha

Mifupa kwanza. Mfupa wa kuku au wa samaki uliopikwa huchongoka ukivunjika, na unaosagika tumboni hugeuza kinyesi kuwa kama chokaa. Usimpe.

Pili, dagaa. Najua nyumba nyingi paka analelewa kwa ugali na dagaa, na siwalaumu wenye nyumba hizo, ndicho kilichopo. Lakini dagaa wengi hukaushwa juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga huo huingia nao jikoni. Jaribu: chukua konzi moja ya dagaa, loweka kwenye bakuli jeupe, wasugue kidogo kwa vidole, watoe, kisha uyaache maji yatulie. Utaona chini ya bakuli tabaka la mchanga mwembamba wa kijivu, pengine na kijiwe kimoja au viwili. Huo ndio unaopita kwenye utumbo wa paka wako kila jioni. Kama dagaa ni lazima, waoshe mara tatu hadi chini ya bakuli pawe peupe, ondoa vichwa, wachemshe kwenye maji mengi, umpe wakiwa laini pamoja na maji. Waliotiwa chumvi usimpe kabisa.

Tatu, punje kavu. Sisemi ni mbaya, zina virutubisho ambavyo chakula cha kupika nyumbani huvikosa kwa urahisi. Ubaya wake ni ukavu, na dawa yake ni hatua ya 4.

Ugali kidogo haumdhuru, lakini paka ni mla nyama. Akishibishwa ugali atakosa nafasi ya kile anachokihitaji.

Hatua ya 3: Pika supu yake

Osha kuku na mioyo. Tia kwenye sufuria na lita moja na nusu ya maji. Usitie chumvi, kitunguu maji, kitunguu saumu, ndimu, wala viungo vya mchuzi vya pakiti. Kitunguu cha aina yoyote, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na viungo vya pakiti karibu vyote vina unga wa kitunguu pamoja na chumvi. Hapa ndipo watu hukosea sana: wanamgawia supu ya familia.

Chemsha kwa moto mdogo dakika 40 hivi, nyama iwe inachambuka yenyewe. Ipua, acha ipoe, engua mafuta ya juu. Sasa chambua nyama yote kwa mkono, ukipapasa kila kipande kwa vidole. Mfupa mwembamba wa paja, ule mrefu kama sindano, hujificha kwenye nyama na macho hayauoni. Kata nyama na mioyo vipande vidogo, virudishe kwenye supu.

Mioyo nimeitaja kwa sababu. Paka anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, na mwili wake hautengenezi ya kutosha. Akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho huharibika. Moyo wa kuku unayo kwa wingi. Taurini huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo supu ile usiimwage, ndiyo dawa na ndicho chakula. Maini mpe kidogo na mara moja moja tu, kwa kuwa vitamini A iliyozidi humkaza mifupa ya shingo.

Weka kwenye friji siku zisizozidi tatu. Kama huna friji, pika kiasi cha siku moja. Joto letu halina huruma na supu ya kuku, chakula kikikaa sakafuni zaidi ya saa moja kitoe.

Hatua ya 4: Pima maji yaliyomo kwenye chakula

Paka anahitaji maji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na yale yaliyomo kwenye chakula. Wa kilo 4, basi, anahitaji mililita 200 hadi 240.

Sasa tazama. Gramu 60 za punje kavu, ambazo ni mlo wa siku wa paka huyo, zina maji kama mililita 6 tu. Anatakiwa anywe glasi nzima ili afikishe. Umewahi kumwona paka akimaliza glasi ya maji? Chakula cha kopo gramu 100 kina karibu mililita 80. Paka yule yule akila gramu 250 za kopo, ameshapata karibu maji yake yote bila kugusa bakuli.

Ndiyo maana nasisitiza kumlisha maji badala ya kumngoja ayanywe. Ukiwa na uwezo wa kopo, mhamishie huko. Ukiwa huna, fanya nusu kwa nusu: punje nusu ya kawaida, zilizolowekwa kwenye supu vuguvugu kwa dakika 15 hadi zivimbe, na nusu nyingine nyama yenye supu. Kila mlo uwe na supu ya kuogelea, angalau vijiko vinne vya chakula.

Usibadilishe kwa siku moja. Siku mbili za kwanza weka robo ya chakula kipya, siku mbili au tatu zinazofuata nusu, kisha robo tatu, na ndani ya siku 7 hadi 10 umekamilisha. Supu peke yake waweza kuianza leo hii.

Hatua ya 5: Weka maji mahali ambapo atayanywa

Paka wengi hawapendi maji yaliyo karibu na chakula, na karibu na choo ndiyo kabisa. Weka bakuli moja chumba anacholala, jingine barazani, jingine njia anayopita. Mabakuli yawe mapana. Yamwage na uyaoshe kila asubuhi, kwani kuongezea juu ya maji ya jana hakutoshi. Wengine hupenda maji ya mtungini kwa ubaridi wake, wengine maji yanayodondoka bombani. Chausiku alikuwa hanywi popote isipokuwa kwenye ndoo ya kuogea, basi tukamwekea ndoo yake.

Mjaribu pia supu baridi tupu, bila nyama, kwenye kisahani. Wengi huilamba yote.

Hatua ya 6: Sasa boga

Maji yakishaingia siku mbili mfululizo na paka anakula vizuri, hapo ndipo nyuzinyuzi zinapokuwa na faida. Chukua boga, wengine huliita malenge, lichemshe kwa maji matupu mpaka liwe laini, menya ganda, ponda. Boga la nazi la futari silo. Lina sukari, iliki na mafuta ya tui, na tumbo la paka halikuumbwa kwa hayo.

Paka wa kilo 4 umwanzie nusu kijiko cha chai kwa mlo, katika milo miwili ya siku, limechanganywa kabisa na nyama na supu. Ngoja siku tatu. Choo kikilainika, baki hapo hapo. Kikiwa bado kigumu, panda hadi kijiko kimoja, na usizidi viwili kwa mlo. Kikiwa laini mno au kikiongezeka kwa wingi usio wa kawaida, shuka.

Anayekataa boga, tumia isabgoli badala yake. Robo kijiko cha chai, mara moja kwa siku, koroga kwenye vijiko vitatu vya chakula vya supu, acha dakika kumi mpaka iwe kama uji wa kuteleza, kisha changanya na nyama. Usiinyunyize kavu juu ya chakula. Isabgoli hunyonya maji popote inapoyakuta, na kama hukuyatia kwenye bakuli itayachukua kwenye utumbo wa paka, au itavimba kooni. Chagua boga au isabgoli. Vyote viwili pamoja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimedhuru.

Hatua ya 7: Milo midogo, michezo, chanuo

Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana nao huamka. Kwa hiyo milo mitatu au minne midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa. Baada ya kula mchezeshe dakika kumi, kamba na kitambaa vinatosha (kamba uifiche ukimaliza, asije akaimeza). Paka mnene anayelala kutwa utumbo wake nao hulala.

Mchane kila siku. Manyoya anayojilamba huyameza, na humo ndani hufumana na kinyesi kama usumba. Ukivunja kibonge kigumu kwa vijiti viwili ukakuta kimeunganishwa na nywele, hatua hii ndiyo yako kuliko zote.

Hatua ya 8: Choo chenyewe

Paka akilichukia beseni, hujizuia. Akijizuia, kinyesi kinakauka. Toa uchafu kila siku, badilisha mchanga wote mara moja kwa wiki. Idadi ya mabeseni iwe idadi ya paka na moja zaidi. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuruka ukingo mrefu, kwa hiyo kata upande mmoja wa beseni la plastiki uwe mlango, na ulainishe makali.

Wenye paka wanaotoka nje wasidhani hatua hii haiwahusu. Paka shume akilinda uwanja, jike wako hatathubutu kwenda kuchimba. Mwekee beseni ndani.

Makosa ninayokutana nayo

*Maziwa.* Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye ananipenda kama mwanawe, aliniambia siku ile ya Chausiku: "Mpe maziwa mwanangu, atafunguka." Nikampa. Paka wengi wakubwa hawana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ndiyo maana huendesha. Lakini kuendesha siyo kufunguka. Maji ya mwili yanatoka, lile bonge kavu linabaki palepale, na paka anazidi kukauka. Nilipoteza siku moja nzima kwa kikombe kile cha maziwa.

*Kumimina mafuta mdomoni.* Ya alizeti, ya nazi, ya nyonyo, parafini ya kunywa, yote. Mafuta hayamfanyi paka akohoe kama maji, huteleza mpaka kwenye mapafu na kumletea nimonia. Mafuta ya nyonyo zaidi ya hapo humkamata tumbo vibaya.

*Kumpiga bomba nyumbani.* Dawa za bomba za binadamu zenye fosfeti ni sumu kwa paka, huvuruga chumvi za damu na zinaweza kumuua haraka. Bomba la paka hupigwa na daktari.

*Dawa za binadamu.* Za kulainisha choo, usikisie kipimo. Za maumivu, usijaribu: kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua paka.

*Kumnyima chakula ili akubali kipya.* "Akisikia njaa atakula." Mbwa, labda. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta, na huo ni ugonjwa mkubwa kuliko ule uliokuwa unautibu.

*Samaki mbichi.* Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Kuchemsha hukiua. Chemsha.

Mambo yakikwama

*Anakula vizuri, anakunywa supu, siku ya pili ya hatua hizi na bado hakuna choo.* Kama zimefika saa 72 tangu choo cha mwisho, mpeleke. Usiongeze boga. Huenda kuna bonge ambalo limeshakuwa kubwa kuliko njia ya kutokea, na kila unachokiongeza nyuma yake kinalikaza.

*Anatoa maji maji ya kahawia kidogo kidogo, mtu ananiambia anaharisha.* Angalia kama anajikamua. Majimaji yanaweza kupenya pembeni ya bonge gumu huku bonge lenyewe limekaa. Ukampa dawa ya kuzuia kuhara, umemfunga mara mbili. Huyu ni wa daktari.

*Anaichukia supu.* Ipashe moto iwe vuguvugu kama mwili wake, harufu itoke. Au tumia maji yaliyochemshiwa samaki, miiba yote ikiwa imeondolewa. Anza na kijiko kimoja cha chai juu ya chakula anachokipenda, ongeza taratibu.

*Choo kimelainika lakini anajamba na tumbo limejaa.* Nyuzinyuzi zimezidi. Punguza nusu kwa siku tatu.

*Ni mzee, anakunywa maji mengi mno, anakojoa sana, na bado choo ni kigumu.* Vuta ngozi ya shingoni kidogo uiachie. Ikirudi polepole, na fizi ukizigusa zinanata, amekauka pamoja na maji yote anayokunywa. Figo zinaweza kuwa zimechoka haziwezi tena kuyatunza maji. Apimwe damu na mkojo kabla hujambadilishia chakula.

*Ni mtoto aliyeokotwa, hajafungua macho vizuri, na hapati choo.* Huyu hajafunga. Watoto wa wiki tatu za mwanzo hawawezi kwenda wenyewe, mama yao huwalamba. Chukua kitambaa laini, kichovye maji vuguvugu, kamua, msugue taratibu chini ya mkia baada ya kila mlo mpaka akojoe na atoe choo. Na anyweshwe maziwa maalumu ya watoto wa paka, ya ng'ombe humharisha.

*Hatua zimesaidia, nikaacha, tatizo likarudi.* Maji kwenye chakula si ya kuacha. Boga unaweza kulipunguza taratibu baada ya wiki mbili za choo kizuri, lakini supu ni ya maisha. Chausiku aliishi miaka sita zaidi baada ya siku ile, na mlo mkavu hakuuona tena.

*Linarudi kila baada ya wiki chache hata kwa supu.* Utumbo mpana unaweza kuwa umetanuka na kulegea kiasi kwamba hauwezi tena kusukuma. Hapo mambo hugeuka: nyuzinyuzi nyingi humzidishia, na chakula chenye mabaki machache, yaani kinachosagwa karibu chote, ndicho humfaa, pamoja na dawa ya kulainisha choo kama laktulosi kwa kipimo cha daktari. Wengine huishia kufanyiwa upasuaji na huishi vizuri. Usimwambie daktari tu kwamba "amefunga choo". Mpe lile daftari: tarehe, idadi ya vibonge, alichokula, boga kiasi gani, na siku ambazo mchanga haukushika.